Kata Mpaka Ufike Chuma Kizima

Maneno haya niliyasema mbele ya mafundi vijana na wenye magari ya zamani, jioni moja hapa Mombasa. Nimeyaandika kama nilivyoyatamka, ila maswali ya katikati nimeyaacha.

Assalaam aleikum. Wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliokuja moja kwa moja kutoka gereji na maovaroli yenu, karibuni.

Mliopitia uani mmeiona. Pijo 504 stesheni wagoni, rangi ya maziwa, viti safu tatu, keria juu ya paa. Wafaransa wanaiandika Peugeot, lakini tangu nipate akili sijamsikia mtu wa Pwani akiiita ila Pijo, na jioni ya leo nitaiita hivyo hivyo. Ni ya mwaka 1979. Marehemu baba aliitumia kupakia abiria kati ya Mombasa na Malindi mpaka macho yake yalipoanza kukataa kazi, na kuanzia 1996 ikakaa chini ya mwarobaini nyumbani kwetu, imefunikwa turubai, karibu miaka ishirini. Nimeirudisha barabarani kwa mikono yangu, uani kwangu. Na jambo moja ndilo lililonileta hapa: kutu haifunikwi. Inakatwa mpaka ufike chuma kizima, hata kama chuma kizima kiko mbali kuliko ulivyotarajia, hata kama mwenye gari amesimama pale anakuomba usiendelee. Mengine nitakayosema ni namna ya kulifanya hilo bila kujiua na bila kuliua gari.

Kwanza tuseme kwa nini lilioza, maana asiyejua maji yaliingilia wapi atarudi kuziba palepale baada ya miaka mitatu.

Wazee mnakumbuka Kilifi kabla ya daraja kufunguliwa mwaka 1991. Ilikuwa feri. Gari linateremka kwenye mteremko wa saruji hadi kwenye kingo za maji, na siku bahari imejaa magurudumu yanakanyaga maji ya chumvi kabla hayajakanyaga feri. Upande wa pili vivyo hivyo. Baba alikuwa akivuka asubuhi na kurudi jioni, siku sita kwa wiki, kwa miaka mingi. Kila kivuko kiliacha kidogo chini ya tumbo la gari: ndani ya vizingiti vya milango, juu ya tangi, kwenye maungio ambapo bati mbili zimelaliana na mkono haufiki. Chumvi haili chuma peke yake. Inachofanya ni kuvuta unyevu wa hewa na kuuweka hapo, na kuufanya upitishe umeme vizuri zaidi, na kutu ni kazi ya umeme mdogo kati ya chuma, maji na hewa. Ndiyo maana gari la Nakuru na gari la Mombasa ya umri mmoja hayazeeki sawa.

Na kuna jambo linaloniuma mpaka leo. Baba alilipenda gari hili. Hakuna jioni aliyolala bila kulikosha. Alijaza ndoo kwenye kisima chetu, akapiga magoti, akamwagia maji chini kote mpaka kwenye propela shafti. Nami nikiwa mtoto namshikia taa. Lakini nyie mnavijua visima vya kisiwani: maji yake hayatengenezi povu la sabuni, na ukiyaonja unayatema. Alikuwa akiosha chumvi kwa chumvi, kila siku, kwa mapenzi yote. Ukiwa na gari la zamani hapa Pwani, maji ya kisima chenye chumvi yafanyie kazi nyingine. Chini ya gari mwagia maji ya bomba au ya mvua, hata kama ni mtungi mmoja tu kwa wiki.

Kisha likaegeshwa. Majani ya mwarobaini ni madogo na mepesi. Yaliingia kwenye nafasi iliyo chini ya kioo cha mbele, pale wiper zinapokaa, yakaziba matundu ya kutolea maji, yakageuka udongo. Nilipofungua nilikuta mmea umeota humo. Mvua za masika zilijaa pale kama birika, zikapata njia ya kushuka ndani, zikaloweka kapeti, na kapeti iliyolowa ikakaa juu ya sakafu miaka na miaka. Turubai nalo tuliloliona ni stara lilikuwa adui. Joto la mchana linatoa unyevu ardhini, unapanda, unakwama chini ya turubai, usiku unageuka matone. Gari lililo wazi linalowa na kukauka. Lililofunikwa nailoni linalowa tu. Kama ni lazima uegeshe, jenga paa la mabati au la makuti juu yake, pembeni uache wazi, upepo upite.

Vijana wengi hapa mmelijua gari hili kama pikapu ya kubebea mchanga, kwa hiyo nilitaje kidogo. 504 ilitoka 1968, na mwaka uliofuata ikatajwa kuwa Gari la Mwaka la Ulaya. Stesheni wagoni ilikuja 1970, na haikuwa saluni iliyoongezwa mgongo tu: kati ya ekseli na ekseli ina mita 2.90, saluni ina 2.74, na nyuma ina ekseli ngumu ya kubebea mzigo. Familia ya Pijo ilishinda Safari Rally kwa 404 mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Mwaka 1966 na 1967 aliyeendesha ni Bert Shankland wa Tanzania, na watu wa pande hizi mbili za mpaka walimshangilia kama wao. Kisha 504 ikashinda 1975 mikononi mwa Ove Andersson na 1978 mikononi mwa Jean-Pierre Nicolas. Basi mtu akiniuliza kwa nini nisiuze chuma chakavu ninunue gari jipya la Kijapani, namwambia hili gari lilizoea njia zetu na ndilo lililonilipia karo. Ninalirudisha kwa heshima yake.

Sasa kutu.

Mwaka 2014, kabla sijaamua kufanya mwenyewe, nilimpa kazi fundi mmoja. Jina lake halina haja. Alinirudishia gari baada ya wiki tatu, linang'aa, vizingiti vimenyooka kama rula. Nililia machozi siku ile. Ilipita masika moja. Rangi ikaanza kuota vipele chini ya milango, vipele vikapasuka, ukitia kidole maji yanatoka rangi ya chai. Nikachukua bisibisi, nikagonga. Haikutoa mlio wa chuma. Ikazama. Nikang'oa kipande kikubwa kama kiganja, na nyuma yake palikuwa na gazeti lililokunjwa, waya wa wigo wa kuku, na bodi fila, ule mchanganyiko wa kusawazishia bodi kabla ya rangi, nene kuliko kidole gumba. Kutu ile ya zamani ilikuwa palepale, imefunikwa joto na unyevu, na ilikuwa imekula zaidi ndani ya miezi ile kuliko ilivyokula chini ya mwarobaini. Mficha maradhi kifo humuumbua, na maradhi ya kizingiti hufichuliwa siku gari limebeba watu saba kwenye mteremko.

Bodi fila ina kazi yake, sisemi haina. Inasawazisha bonde dogo juu ya chuma kizima, milimita mbili au tatu basi. Lakini inanyonya maji. Ukiiweka juu ya tundu, upande wa nyuma inakunywa unyevu kama sponji na kuushikiza kwenye chuma usiku na mchana. Hata praima, ile rangi ya chini ya kijivu ya kawaida, haizuii maji. Nawaona wengi wanapulizia praima kisha wanalitembeza gari miezi sita wakitafuta pesa ya rangi. Siku wanapopaka rangi, kutu imeshaanza chini.

Kuanzia siku ile natembea na sumaku. Hii hapa, ya spika mbovu ya redio, nimeifunga ndani ya soksi isikwaruze rangi. Ukiipitisha juu ya bodi na ikashika, chini kuna chuma. Ikilegea, kuna fila. Ikianguka, kuna gazeti. Kwa bisibisi na sumaku unalijua gari kwa nusu saa kuliko atakavyokuambia muuzaji kwa siku nzima. Kwenye Pijo gonga vizingiti kwanza, halafu pinde za magurudumu ya nyuma, chini ya mlango mkubwa wa nyuma, sakafu chini ya miguu ya dereva, na pale juu shoki za mbele zinaposhikia bodi. Hapo pa mwisho pakioza, achana na urembo mwingine wote mpaka pawe pazima.

Nilianza kazi mwenyewe mwaka 2016, na nilianza kwa kosa. Nalisema wazi ili lisirudiwe. Pijo hii haina chasisi ya peke yake, ule uti wa chuma wa chini, kama ilivyo nayo Land Rover. Bodi yenyewe ndiyo chasisi. Vizingiti, sakafu na nguzo za milango ndivyo vinavyolishikilia gari lisikunjike katikati, na stesheni wagoni kwa urefu wake inavitegemea zaidi. Mimi nililipandisha gari juu, nikakata kizingiti cha kushoto chote, kutoka gurudumu hadi gurudumu, siku moja. Jioni nikajaribu kufunga mlango wa nyuma. Haukufunga. Ulikuwa umeshuka unagonga nguzo. Gari lilikuwa limelegea milimita tano au sita, na milimita tano kwenye mlango ni nyingi sana. Usiku ule sikulala.

Ilinichukua wiki mbili kurudisha zile milimita, kwa jeki mbili na uzi. Jambo sahihi ni hili, na ndilo nililofanya upande wa kulia. Kabla ya kukata, milango yote ikiwa imefungwa na inakaa vizuri, pima. Chukua kamba au futi, pima kutoka pembe ya juu ya nafasi ya mlango hadi pembe ya chini ya upande wa pili, andika ukutani. Halafu chomelea vyuma vya mraba vya inchi moja ndani ya nafasi za milango, kukatiza kutoka nguzo hadi nguzo, kama mtu aliyefungwa bendeji ya mbavu. Gari likae kwenye stendi nne za chuma zilizowekwa chini ya sehemu nzima, si juu ya mawe wala matofali, maana tofali hupasuka bila kuaga. Ndipo ukate, na usikate kizingiti chote. Kata kipande, unga kipande, pima tena, jaribu mlango, kisha endelea. Mlango ndio shahidi wako. Ukifunga kwa sauti ile ile uliyoizoea, gari halijatoka mahali pake.

Na ukikata, kata mpaka wapi? Hapa ndipo mikono ya wengi inapotetemeka. Unaona tundu la ukubwa wa sarafu, unafikiri utaweka kiraka cha ukubwa wa sarafu. Safisha kwa brashi ya waya kwenye grainda, tundu linakuwa sahani. Chuma kilicho pembeni mwake kinaonekana kizima, lakini kishike kwa vidole: ni chembamba kama karatasi, ukikiinamisha kinavunjika badala ya kupinda. Moto wa kuchomelea ukikigusa kinatoweka. Sogea. Sogea tena. Chuma kizima kinapinda kabla hakijavunjika, kinang'aa cheupe chini ya grainda bila vidoa vyeusi, na kinatoa cheche ndefu. Ukifika hapo simama, chora mstari, ukate hapo. Pale kwenye sakafu ya dereva nilianza na tundu ninaloweza kuliziba kwa kidole, nikaishia na dirisha ambalo mwanangu alipita mwili mzima.

Bati la kuzibia nunua jipya, jeusi. Kwa sakafu na madigadi unene wa geji 20, kwa vizingiti geji 18. Karatasi moja ya futi nane kwa nne ya kila geji ilinitosha gari zima, na nilibaki na vipande. Nawaombeni, jamani, msitumie mabati ya nyumba. Nimeona yakitumika kila mahali kwa sababu ni rahisi na yapo. Yamepakwa zinki, na zinki ikiunguzwa inatoa moshi mweupe unaoingia mapafuni. Jioni mtu anatetemeka, homa, kifua kinabana, anafikiri ni malaria na kumeza dawa ya malaria. Wazee wa kazi husema kunywa maziwa. Maziwa hayafiki mapafuni. Ukiwa huna budi kuunga chuma chenye zinki, isage yote kwanza pembeni mwa mshono, ufanyie kazi mahali pa wazi, na uvae barakoa ya kweli.

Kiraka kikae ncha kwa ncha na chuma cha zamani, kisilalie juu yake. Kikilalia, unatengeneza mfuko mpya wa maji, yaani unarudi Kilifi. Fimbo ya kuchomelea ya kawaida inatoboa bati jembamba, mikono iwe mizuri namna gani. Mimi nilikodi mashine ya waya yenye gesi, na hata hiyo usiitembeze mstari mzima. Nukta moja hapa, nukta nyingine kiganja mbali, rudi katikati, subiri bati lipoe mpaka uweze kuligusa. Ukienda mfululizo bati linajikunja kama chapati kwenye chuma cha moto, na kulinyoosha tena ni kazi ya wiki.

Ipo habari ya upepo ambayo sikuipata popote, niliifundishwa na uani kwangu. Gesi ile kazi yake ni kuizuia hewa isiguse chuma kikiwa maji maji. Kusi ikivuma mchana inaichukua yote. Mshono ukatoka na matundu matundu kama sponji, nami nikadhani ni mashine, nikabadilisha waya, nikabadilisha mdomo, nikagombana na mwenye mashine bila haki, na baadaye nilimrudia nikamwomba radhi. Siku moja niliamka alfajiri, upepo umelala, nikachoma mshono ukatoka laini kama jino. Tangu hapo nachomelea baada ya swala ya alfajiri mpaka saa nne, mchana nasaga na kusafisha. Ukitaka kufanya mchana weka kinga ya mabati. Usiweke makuti wala gunia karibu na cheche.

Tukiwa kwenye cheche: tangi la petroli litoke kabla ya kiberiti chochote, si kuwa tupu, kutoka kabisa, liende mbali. Tangi tupu lina mvuke, na mvuke ndio unaolipuka. Fungua waya wa betri na wa alternata. Toa kapeti na viti. Lami ya chini ya gari ikishika moto inadondoka ikiwaka, kwa hiyo awepo mtu wa pili na ndoo ya mchanga, macho kwenye upande usiouona. Mwanangu aliifanya kazi hiyo miaka mitatu, na mara mbili aliizima mwenyewe kabla mimi sijajua kuna moto. Na breki za zamani zina asbesto: zifute kwa kitambaa kilicholowa, usizipulize kwa hewa wala kwa mdomo.

Vitu vidogo, bawaba, mabano, kufuli za milango, chuma cha kushikia tairi la akiba, sikuvisaga. Nilivitia kwenye ndoo ya magadi. Ndiyo, magadi haya haya tunayotia kwenye maharage, ya kutoka Ziwa Magadi. Ndoo ya plastiki ya lita ishirini, maji, na kijiko cha kula cha magadi kwa kila lita nne. Pembeni ndani ya ndoo unasimamisha vipande vya nondo, umeviunga kwa waya. Kitu chenye kutu unakining'iniza katikati kisiguse nondo. Halafu chaja ya betri ya volti kumi na mbili: hasi kwenye kitu chako, chanya kwenye nondo. Ukizikosea ukazigeuza, utakula kitu chako badala ya kukiponya. Washa. Viputo vinaanza kupanda, maji yanageuka kahawia, na kesho yake unatoa bawaba nyeusi ambayo kutu yake inafutika kwa brashi ya viatu, chuma kizima kikiwa hakijapungua hata chembe, mpaka namba za kiwandani unazisoma.

Mambo matatu hapo. Ile hewa ya viputo ina haidrojeni, inawaka, kwa hiyo ndoo ikae nje, na chaja izimwe kabla hujagusa waya. Upande wa chanya usitumie chuma kisichoshika kutu, kama kijiko au sufuria ya stili, maana kinatoa kromiamu ya sumu ndani ya maji. Na springi usizitie humo, zinaweza kupata wepesi wa kukatika.

Kwa vitu vikubwa kidogo nilitumia molasi, ile wanayonunua wenye ng'ombe. Sehemu moja ya molasi, sehemu tisa za maji, wiki mbili au tatu. Inanuka, majirani watalalamika, lakini inakula kutu na kuacha chuma. Aluminiamu usiitie: silinda hedi ya Pijo ni ya aluminiamu, itaharibika. Bibi yangu alikuwa akisugua masinia ya shaba kwa ukwaju kabla ya Idi, na nilipokuwa nachungulia ndoo ile ya molasi nilimkumbuka sana. Asidi ya matunda na kutu ya madini, watu wetu walizijua zamani.

Injini sitaizungumzia sana. Injini ya Pijo 504, ile ya ukubwa wa cc 1971, ina silinda zinazotoka na kubadilishwa, na mafundi wa kuijua bado wapo. Spea nazo zipo, kwa sababu pikapu ziliendelea kuunganishwa hapa Kenya muda mrefu baada ya saluni kuachwa kutengenezwa Ulaya mwaka 1983, na boneti, taa na madigadi ya mbele ya pikapu vinaingia kwenye wagoni. Kilichonitesa ni kioo cha pembeni cha nyuma na raba ya mlango wa nyuma, ambavyo pikapu haina. Raba niliipata Malindi, ndani ya duka ambalo mwenyewe alikuwa amesahau kuwa anayo.

Baada ya kuunga, kazi ambayo hakuna atakayeiona ndiyo iliyochukua muda mrefu kuliko zote. Kila mshono nilisaga, nikapaka praima ya zinki siku ile ile, maana chuma kilicho wazi hapa kwetu kinaanza kugeuka kahawia kabla hakujakucha. Kila maungio nikaziba kwa sila, ile gundi ya kuzuia maji. Ndani ya vizingiti, kupitia matundu ya viwandani, niliingiza mpira mrefu wa kupulizia nikapuliza nta mpaka ikachuruzika chini. Watu hupenda kupuliza oili chafu ya injini. Ni bure, najua. Lakini oili iliyotumika ina asidi, inalainisha raba za springi na breki, na mvua inaiosha ikaingia kwenye visima vyetu. Kisha nilichukua waya nikazibua kila tundu la kutolea maji, chini ya milango, chini ya vizingiti, na yale mawili chini ya kioo cha mbele. Kila Ijumaa kabla ya kwenda msikitini nayazibua tena. Rangi nilipiga Januari, kaskazi ikiwa kavu. Rangi ya selulosi ukiipiga hewa ikiwa na unyevu inapata ukungu mweupe, na wengi wanaitupia lawama rangi.

Siku ya kwanza gari lilipotoka uani ilikuwa mwishoni mwa 2019. Nilimpeleka mama Kilifi. Aliketi safu ya kati, mahali alipokuwa akiketi, na alipofunga mlango aliuvuta taratibu, kama mtu anayemgusa mgonjwa. Mlango ukafunga kwa kile kishindo kimoja kizito ambacho stesheni wagoni hizi zinacho. Akaniangalia kwenye kioo. Tulipofika darajani aliniomba nipunguze mwendo, akatazama chini, pale mteremko wa feri ulipokuwa, hakusema kitu mpaka tukavuka.

Sasa nimewachosha. Gari liko nje na taa zimewashwa. Milango yote iko wazi, kapeti nimezikunja ili sakafu ionekane, na upande wa kulia nimeliinua kwenye stendi mwenye ovaroli aweze kulala chini akatazame mishono. Sumaku hii nampa huyu binti aliyekaa mbele, aliyekuwa akiandika muda wote. Zunguka nayo gari zima, mama, vizingiti, pinde, milango, kila mahali. Ukipata mahali inapolegea, niite.